"Sawa" inayoua: Tunachoweza kujifunza kutoka kwa marubani

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alinisubiri nje ya ukumbi wa mihadhara. Alikuwa na swali ambalo, nadhani, lilikuwa limemkaa kooni muhula mzima. "Mwalimu," akaniambia, "daktari huokoa watu. Mhandisi hujenga daraja watu wasizame mtoni. Sasa sisi wa isimu tunamwokoa nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, ila kicheko changu hakikufika mbali. Swali lenyewe ni halali. Mzazi anayeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kuliuliza. Siku hiyo nilimjibu kwa ufupi kwa kumsimulia habari za ndege. Leo, mpenzi msomaji, niruhusu nimjibu kwa kirefu, maana ipo taaluma moja ambayo imelipa kwa roho za watu ili ijifunze jambo ambalo sisi walimu wa lugha hulihubiri kila siku: neno kutamkwa ni jambo moja, na neno kueleweka ni jambo lingine kabisa.

Tuanzie Tenerife, kisiwa cha Uhispania kilicho katika Bahari ya Atlantiki. Jumapili ya Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilielekezwa katika uwanja mdogo wa Los Rodeos. Zilikuwa zikienda kisiwa jirani cha Gran Canaria, lakini bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa huko. Los Rodeos ikajaa ndege. Kisha ukungu ukatanda. Mwelekezi wa ndege aliyekuwa mnarani hakuziona ndege, nazo ndege hazikuonana. Zikabaki sauti tu, ndani ya redio.

KLM ilifika mwisho wa njia ya kurukia, ikageuka, ikawa tayari. Pan Am ilikuwa bado inatambaa juu ya njia iyo hiyo, ikitafuta pa kuchepukia. Mnara ukaipa KLM maelezo ya njia ya kufuata ikishafika angani. Hiyo haikuwa ruhusa ya kupaa. Ni maelezo ya safari tu, ila ndani yake mlikuwamo neno "take-off", yaani kupaa. Rubani msaidizi aliyarudia maelezo hayo jinsi inavyotakiwa, kisha akamalizia kwa Kiingereza: "We are now at take-off."

Hebu tuipime sentensi hiyo. Mwelekezi, ambaye alikuwa Mhispania, aliielewa hivi: tupo mahali pa kupalia, tunasubiri. Aliyeitamka alimaanisha: tunapaa sasa hivi. Wapo wanaisimu wanaoeleza kwamba huenda Kiholanzi ndicho kilichopenya katika Kiingereza cha rubani yule, kwa kuwa katika lugha hiyo tendo linaloendelea huweza kuelezwa kwa kihusishi kinachofanana na cha mahali. Wala tusiwacheke Waholanzi. Nani kati yetu hajawahi kupigiwa simu akajibu "niko njiani" ilhali bado anatafuta soksi chini ya kitanda? Anayesubiri mjini husikia kwamba mtu yumo ndani ya matatu. Anayesema humaanisha kwamba safari i moyoni. Sentensi ni moja, na kila mmoja ameondoka na maana yake.

Mwelekezi akajibu: "OK." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Papo hapo Pan Am nayo ikasema redioni kwamba bado imo kwenye njia ya kurukia. Tatizo ni kwamba redio hizo hazipokei sauti mbili kwa wakati mmoja. Wawili wakisema pamoja, anayesikiliza hupata mlio wa kuudhi masikio. Ndani ya KLM, kilichosikika vizuri ni ile "OK". Maneno ya kuwaokoa yakavurugwa na mlio.

Bado palikuwa na nafasi moja. Mhandisi wa ndege aliyekuwa nyuma ya marubani wa KLM alisikia mnara na Pan Am wakizungumza tena, akashuku. Akauliza kama ile ndege ya Pan Am haijatoka njiani. Rubani mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Mpaka leo hakuna ajali nyingine ya ndege iliyoua watu wengi kiasi hicho. Ukungu ulichangia, haraka pia ilichangia. Hata hivyo, ukiichunguza kanda ya sauti, katikati yake utakuta neno moja dogo la kukubali, lililotamkwa na mtu ambaye hakujua anakubali nini.

Kisa cha pili ni cha adabu. Januari 25, 1990, ndege ya shirika la Avianca la Kolombia iliyokuwa ikielekea New York iliwekwa angani ikizunguka kwa zaidi ya saa nzima kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano. Mafuta yakaanza kuisha. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza na mnara, alisema kwamba wanahitaji "priority", yaani kupewa kipaumbele. Walipojaribu kutua wakashindwa, rubani mkuu akamwambia kwa Kihispania awaambie watu wa mnarani kwamba wamo katika hali ya dharura. Kijana akashika redio, akakubali maelekezo aliyopewa, akasema watajaribu tena, na mwishoni kabisa akaongeza kwamba mafuta yanawaishia. Mwelekezi akajibu: "Okay."

Rubani mkuu akamuuliza kijana kama amewaambia. Akajibu kwamba ndiyo, ameshawaambia.

Je, alidanganya? La. Alisema kweli tupu: mafuta yanaisha. Ila kwa mwelekezi anayeongoza ndege nyingi usiku wa dhoruba, kila ndege mafuta yake yanaisha. Yapo maneno mawili matatu, kama "emergency" na "Mayday", ambayo yakitamkwa mnara wote husimama. Hakuna hata moja lililotamkwa. Baadaye mwelekezi mwingine aliwaeleza kwamba atawapeleka mbali kidogo kabla ya kuwarudisha, akauliza kama hilo ni sawa kwao na kwa mafuta yao. Rubani msaidizi akajibu kwa upole kwamba anadhani hivyo, asante sana. Dakika chache baadaye injini zote nne zilizima. Ndege ikaanguka Cove Neck, katika Long Island, na kati ya watu 158 waliokuwamo wakafa 73.

Hapa ndipo ninapomkumbusha mwanafunzi wangu somo la vitendo-uneni ambalo alilisinzia muhula uliopita. Mwanafalsafa J. L. Austin alitufundisha kwamba kusema ni kutenda. Mtu akisema, huwa anaarifu, anaomba, anaamuru, anaahidi au anaonya. Tatizo ni kwamba sura ya sentensi haionyeshi kila mara tendo lililokusudiwa. "Mafuta yanatuishia" ina sura ya taarifa, ilhali kijana yule alikuwa akiomba kuokolewa.

Sisi Waswahili na majirani zetu ni mabingwa wa mtindo huu. Mgeni akiingia nyumbani akasema, "Jua la leo kali kweli," mwenyeji haendi dirishani kulitazama jua. Huleta maji ya kunywa. Mtindo huo ni mzuri, tena ni utu, kwa sababu mgeni na mwenyeji wanaonana na wamelelewa katika mila inayolingana. Mwenyeji anaona midomo imekauka. Redio haioneshi midomo. Mtu asiyekuona, asiyelijua kabila lako wala lugha ya mama yako, hana njia ya kujua kwamba upole wako umebeba kilio.

Tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Septemba 3, 1974, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuja kutua Nairobi. Mnara uliiambia ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakaelewa futi 5,000. Sasa fikiria: uwanja wetu wa Embakasi, ambao leo tunauita Jomo Kenyatta, uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo ndege ile ilikuwa ikishuka kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi! Ilifika takriban futi 70 kutoka ardhini, sawa na urefu wa jengo la ghorofa saba hivi, ikiwa bado haijafika uwanjani, ndipo ikapandishwa. Ilitua salama. Wangapi kati yetu tumewahi kukisikia kisa hiki? Balaa likipita bila kuua, nasi huwa tunalisahau.

Tarakimu zina hila. Februari 19, 1989, ndege ya mizigo ya shirika la Flying Tiger ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Mwelekezi aliiambia ishuke, akataja "two four zero zero", yaani futi 2,400. Katika Kiingereza, "two" ya mbili na "to" ya kuelekea hutamkwa sawasawa. Rubani akasikia kwamba ashuke hadi 400. Akajibu, "Okay, four zero zero." Angalia vizuri, msomaji: safari hii rubani alirudia alichosikia. Kosa liliwekwa wazi redioni, lakini aliyerudiwa hakulinasa. Ndege ikagonga kilima, wanne waliokuwamo wakafa. Kurudia peke yake hakutoshi basi. Sharti yule wa kwanza naye asikilize anachorudiwa.

Kiswahili hakina mgongano wa "two" na "to", lakini kina mitego yake. Jaribu kumtajia mtu nambari ya simu ukiwa stejini, makanga wanapiga kelele, uone jinsi "sita" na "saba" zinavyobadilishana nguo, au "sitini" na "sabini", au "tatu" na "tano". Wangapi wametuma pesa kwa mtu wasiyemjua kwa sababu hiyo?

Je, watu wa ndege walifanya nini baada ya kuzika wafu wao? Walirudi kwenye lugha. Neno "take-off" likawekewa ulinzi: halitamkwi redioni ila pale ruhusa ya kupaa inapotolewa, inaporudiwa au inapofutwa. Kwingine kote husemwa "departure", yaani kuondoka. Tarakimu nazo tayari zilikuwa na matamshi ya pekee, ndiyo maana rubani husema "tree" badala ya "three", "fife" badala ya "five", na "niner" badala ya "nine". Kwa mwalimu wa Kiingereza hayo ni makosa ya matamshi. Kwa rubani ni uhai. Marubani na wahudumu wadogo wakaanza kufunzwa kumhoji mkubwa wao, na wakubwa wakafunzwa kuhojiwa. Na tangu Machi 2008, kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, zinadai kwamba marubani na waelekezi wa safari za kimataifa wawe wamefika angalau kiwango cha 4 kati ya 6 vya umilisi wa lugha wanayoitumia redioni.

Lakini somo ninalolipenda zaidi ni jinsi walivyolipasua neno "sawa". Katika Kiswahili chetu cha kila siku, "sawa" hubeba mzigo mzima. Huweza kumaanisha "nimesikia". Huweza kumaanisha "nimeelewa". Huweza kumaanisha "nimekubali", au "nitafanya". Na mara nyingi, tuseme ukweli, humaanisha "hebu tumalize maneno haya, nina haraka". Redioni kazi hizo zimegawanywa. "Roger" ni nimepokea ulichosema, basi, haimaanishi ndiyo. "Affirm" ndiyo ndiyo. "Wilco" ni nimeelewa na nitatekeleza. Na kwa mambo mazito kama kimo, njia ya kurukia au ruhusa ya kupaa, hakuna neno la mkato linalokubalika. Lazima uyarudie maneno yenyewe, naye aliyeyatoa ayasikilize.

Nilianza kuyatilia maanani haya kwa sababu ya mama yangu. Mwaka juzi alipewa dawa katika duka moja la dawa. Mhudumu, kijana wa mjini mwenye Kiswahili cha kuchanganya, alimwandikia juu ya bahasha: 8, kistari, 8. Alikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, baada ya chai na baada ya chakula cha jioni, kwa hesabu ya saa za Kizungu. Mama, ambaye tangu azaliwe anahesabu saa kuanzia macheo, aliona nane. Akawa anameza kimoja saa nane mchana na kingine saa nane za usiku. Kengele ya simu ililia usiku wa manane siku sita mfululizo, naye akaamka na kumeza dawa tumbo likiwa tupu. Tumbo likaanza kumwuma. Nilipomtembelea wikendi nilimkuta ameamua kuiacha dawa kabisa.

"Mama, mbona saa nane za usiku?"

"Si ndivyo walivyoniandikia, mwanangu?"

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize nini? Aliniambia, 'Sawa, mama?' Nikamwambia sawa."

Sikumlaumu mama, wala kijana yule simlaumu sana. Kila mmoja alikuwa sahihi ndani ya saa yake. Tofauti ya saa sita kati ya saa ya Kiswahili na ya Kiingereza tunaishi nayo kila siku, tukidhani kila mtu anajua ni ipi inayotumika. Marubani hawana ujasiri huo. Duniani kote husoma saa moja ya pamoja, ambayo sisi Kenya tuko mbele yake kwa saa tatu, ili rubani wa Nairobi na mwelekezi wa London wasipishane. Laiti kijana angesema, "Mama, hebu niambie utaimezaje," mama angesema "saa nane", na kosa lingefia pale pale kaunta, kwa sekunde tano.

Tunasema kuuliza si ujinga, lakini tunamwachia mzigo wa kuuliza yule yule ambaye hajui kwamba hajaelewa. Mama hakuwa na swali. Mwelekezi wa Tenerife hakuwa na swali alipojibu "OK". Asiyeelewa mara nyingi huwa na uhakika kuliko wote. Ndiyo sababu swali "Umeelewa?" halina faida kubwa, hasa linapotoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo: daktari kwa mgonjwa, afisa kwa mwananchi, hakimu kwa mshtakiwa. Jibu lake ni moja tu, na limeandaliwa na adabu. Swali lenye faida ni "Umesikia nini?" Na anayeliuliza asisitize kwamba anapima maelezo yake mwenyewe, asije akamfanya mwenzake ajione mjinga.

Nayaandika haya huku nikijua kwamba mimi ni mkosaji sugu. Nimefundisha miaka mingi, na kila baada ya dakika kumi huwauliza wanafunzi, "Tuko pamoja?" Nao huitikia kwa pamoja, kama kwaya: "Ndiyooo, mwalimu!" Nami huendelea, roho kwatu.

Basi juma hili, baada ya kuwasimulia habari za Tenerife na New York, nilijikuta nikiuliza swali lile lile. Kwaya ikaitika. Nikasimama. Nikamtazama yule kijana wa "tunamwokoa nani", nikamwomba aniambie amesikia nini.

Akainuka, akajikuna kichwa. "Umesema, mwalimu, kwamba marubani wengi hawajui Kiingereza."

Sikuwa nimesema hivyo. Nikafuta ubao, nikaanza upya.